Sahihi Nne za Anisia

Anisia alijifunza kufuma sweta akiwa na miaka kumi na moja, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, upande wa Kasulu, Tanzania, kwa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Jirani mmoja ndiye aliyemfundisha. Kambi ilipofungwa alirudi Burundi na wazazi wake, wakafikia Buhinyuza, kijiji ambacho yeye alikuwa akikijua kwa jina tu. Shamba walilolikuta lilikuwa dogo na lenye madai ya ndugu wanne. Alipoolewa na Kasiano, fundi seremala aliyekulia kambi hiyohiyo, wakaona bora wahamie Muyinga mjini. Wakapanga vyumba viwili nyuma ya soko, wakamzaa binti yao Upendo, na Anisia akapata nafasi ya kukaa na nyuzi zake kwenye baraza moja na Farida, mshonaji wa nguo za kike.

Muyinga ina baridi asubuhi, na shule zinataka sweta. Kazi ilimwendea vizuri Anisia. Mara mbili alikopa kwenye shirika moja la mikopo midogo pale mjini, na mara zote mbili alilipa kabla ya tarehe. Kasiano naye alipata kazi Gitega, kutengeneza madawati kwa ajili ya shule moja ya Mushasha, karibu na kanisa. Mwanzoni alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi, na sababu ilikuwa moja tu: hakuna mafuta, magari hayatembei.

Ni kweli mafuta yalikuwa hayapatikani. Lakini Anisia alikuwa mtu wa wivu, na hakujificha. Kasiano akirudi, kabla hajavua viatu, mkewe alikwisha kuliangalia shati lake kuanzia kola hadi pindo. Siku moja aliona kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo, imenyooka, safi kabisa.

"Nani amekushonea kifungo hiki?"

"Nimeshona mwenyewe."

Anisia akakata kifungo kingine kwa mkasi, akampa sindano na uzi. "Haya, nishonee na hiki."

Kasiano alishona huku akitoka jasho, na alipomaliza kile kifungo kilikuwa kinaning'inia kama jino la mtoto wa miaka sita. Siku iliyofuata, Kasiano alipokwenda kuoga, Anisia alifungua simu yake akakuta jina limepiga mara saba ndani ya wiki mbili: Klara Mbao. Alilikariri jina hilo, akairudisha simu mahali pake. Tangu siku hiyo hakulala akapata usingizi wa kutosha.

Mwezi Juni ilikuja bahati. Mkuu wa shule moja ya Muyinga alifika barazani akasema anataka sweta mia mbili na ishirini kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Kwa mikono miwili isingewezekana. Ilihitajika mashine ya kufuma, na mashine ilikuwa ghali. Mkuu wa shule alisema wazi: atakayepata mashine kwanza ndiye atakayepewa kazi. Farida akasikia, maana baraza ilikuwa moja. Wiki hiyohiyo wote wawili walikwenda kwenye shirika kuomba mkopo, Anisia Jumanne, Farida Alhamisi.

Farida alipewa. Anisia alikataliwa, kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja.

"Hongera, Mama Husseini," alimwambia Farida, na meno yake yaligoma kuachana.

Alikwenda nyumbani akiwa na moto kifuani. Alikuwa amelipa mikopo miwili bila kukawia. Farida alikuwa na mkopo mmoja tu nyuma yake, na huo aliuchelewesha siku tisa. Anisia alijua, maana yeye ndiye aliyemwazima pesa za kumalizia. Sasa iweje? Akawaza kwamba Husni, karani wa mikopo, alikuwa mtoto wa mtaa wa kina Farida. Walisoma madrasa moja. Wanasalimiana kwa majina ya utotoni. Kwa nini asimpendelee mtu wake, amwache mtu aliyerudi jana kutoka Tanzania? Hasira hizo alizibeba mpaka asubuhi, akaenda nazo ofisini.

Husni alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alimwona mlangoni akasimama.

"Karibu, Mama Upendo. Kaa."

"Sikai. Nimekuja uniambie Farida amenizidi nini."

"Farida sijamuongelea. Tuongelee we." Akavuta kiti akakiweka karibu na meza yake. "Kaa kwanza. Mi sikukukatalia kwa roho mbaya. Dosiye yako iko muzuri, unalipa, haukawii. Lakini poini zako zimeshuka. We uko na makumi tano na tatu. Hapa tunataka makumi sita."

"Januari nilikuwa na ngapi?"

"Makumi saba na mbili."

Anisia akakaa. "Tangu Januari sijakopa popote, Husni. Hata chumvi sijakopa dukani."

"Najua. Haukukopa. Lakini kuna watu waliangalia dosiye yako. Mara ine, ndani ya wiki tano."

Anisia hakuelewa, na Husni aliona hivyo. Akaanza kumweleza polepole. Mtu akiomba mkopo popote, shirika analoliomba huangalia kwanza dosiye yake, yaani kumbukumbu za mikopo yake, na dosiye ya anayemdhamini pia. Kila kuangalia kunaandikwa na tarehe yake. Kwenye shirika lao, kuangaliwa mara moja kulipunguza poini chache tu, na hizo zilirudi zenyewe baada ya miezi michache.

"Moja haina shida," alisema. "Mutu akikosa huku, akienda huku, ni kawaida. Lakini ine, moja kwa nyuma ya ingine? Mashine inasema huyu mama iko na njaa ya pesa. Pengine kuna shida anaficha."

"Hata kama sikupewa kitu?"

"Hapo ndo mbaya zaidi. Ine waliangalia, na hakuna hata moja yenye ilitoa. Sisi huku tunajiuliza, wenzetu waliona nini?"

"Na sasa hivi unavyoniangalizia, unanipunguzia nyingine?"

Husni akatabasamu. "Hapana, mama. Mwenye dosiye akiangalia dosiye yake, haimupunguzie kitu. Ungekuwa unakuja hata kila mwezi, hii tungeiona mapema."

Akageuza kioo cha kompyuta ili Anisia aone. Kulikuwa na mistari minne: Aprili tarehe mbili, Aprili tarehe kumi na moja, Aprili tarehe ishirini na tisa, Mei tarehe sita. Mahali, Gitega. Gitega. Gitega. Gitega.

"Mwenye kuomba, jina yake sina ruhusa ya kukuonyesha," alisema Husni kwa sauti ya chini. "Lakini angalia hapa penye waliandika we ni nani."

Anisia alisoma. Mdhamini: mke.

Yeye alikuwa mke wa mtu mmoja tu.

Hapo ndipo alipoikumbuka Pasaka, mwishoni mwa Machi. Kasiano alikuja na karatasi nne za Kifaransa, kila moja na fotokopi ya kitambulisho cha mkewe nyuma yake. Alisema shule inawaandikia mafundi kadi za matibabu, wao na familia zao. Anisia alikuwa anakaanga ndizi. Kifaransa chake hakikuvuka salamu. Alifuta mafuta mikononi, akatia sahihi mara nne juu ya gunia la nyuzi, akarudi jikoni.

Alitoka ofisini bila kuaga. Farida hakuwamo tena kichwani mwake, wala mashine. Mwanamume anaomba mkopo mara nne, anamficha mkewe, kwa ajili ya nini? Njia nzima alijijibu. Ni nyumba. Kuna nyumba Gitega, na ndani yake kuna mwanamke anayejua kushona vifungo. Alimjengea mwanamke huyo kila kitu kichwani: mapazia, sufuria, kabati lenye kioo. Alimwekea hata kitanda, kitanda cha mbao nzuri chenye maua yaliyochongwa kichwani, kazi ya mkono wa Kasiano. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, maana yeye na mumewe walilalia kitanda cha kununua. Kila mwaka Kasiano alisema atamtengenezea kingine, na kila mwaka alikuwa na haraka.

Kesho yake alfajiri ilibidi amwache Upendo kwa Farida, na kumwomba Farida kitu siku hiyo kulikuwa kama kumeza kokoto. Farida hakuuliza maswali. Alisema tu, "Nenda, mi niko hapa." Anisia alifunga kiunoni, ndani ya kitambaa, pesa alizokuwa amejiwekea kama mchango wake wa kwanza wa mashine, faranga laki tatu. Alingoja gari tangu saa kumi na mbili mpaka saa tatu, akapitia Karuzi, akafika Gitega jua likiwa limeanza kuchoma.

Kwenye shule ya Mushasha, mlinzi wa getini alimtazama juu hadi chini.

"Kasiano wa madawati? Huyo hayuko tangu Februari, mama. Madawati yaliisha. Wote waliagwa."

"Februari?"

"Februari."

Miezi minne. Mara nne mumewe alikuwa amerudi Muyinga, amekula, amesimulia habari za mapadri na za wanafunzi wanaochora majina yao kwenye madawati mapya, na miezi yote hiyo hakuwa na kazi yoyote Mushasha. Anisia alishikilia nguzo ya geti. Kisha akauliza swali pekee lililobaki.

"Unamjua mwanamke mmoja anaitwa Klara? Anauza mbao."

"Klara? Nani asiyemujua." Mlinzi akamwelekeza barabara ya kushuka.

Klara alikuwa amesimama katikati ya kiwanja chake cha mbao, buti za mpira miguuni, penseli sikioni, akipima mbao za mkaratusi na kuwaamuru wanaume wawili wazigeuze. Alikuwa na miaka arobaini hivi, shingo ndefu, hereni za dhahabu. Hereni ndizo Anisia aliziona kwanza. Alijua bei ya hereni kama zile, maana alikuwa amezitamani dukani kwa miaka mitatu.

"Wewe ndiye Klara wa Kasiano?" alisema kwa sauti iliyowafikia watu wa ng'ambo ya barabara.

Wanaume wakaacha mbao. Klara akageuka polepole.

"Mi ni Klara ya mbao. We ni nani?"

"Mimi ni mke wake wa ndoa. Wa kanisani. Nyumba unayojengewa inaombewa mikopo kwa jina langu, na kila unapompigia simu mume wangu, mimi nahesabu."

Klara akafanya jambo ambalo Anisia hakulitarajia: alichomoa funguo mfukoni, akasema, "Njoo uone nyumba yangu na bwana yako," akatangulia kwenye stoo ya mabati.

Ndani ya stoo, juu ya rafu, kulikuwa na sanduku la mbao. Anisia alilitambua kabla halijafunguliwa. Lilikuwa sanduku la Kasiano, alilolirithi kwa baba yake, ambalo hata Upendo alikatazwa kuligusa. Klara akalifungua. Randa, msumeno, patasi sita zilizopangwa kwa ukubwa, nyundo yenye mpini uliong'aa kwa jasho.

"Kazi ya shule iliisha," alisema Klara. "Akaja mutu, akamwambia: nitengenezee viti makumi ine ya hoteli. Akachukua mbao kwangu, deni. Akafanya viti. Yule mutu hakuonekana tena, na viti viliuzwa bei ya kuni. Mi nikamwambia, Kasiano, mi sina hoteli, mi niko na watoto. Basi akaacha vyombo yake hapa. Ndo maana napiga simu. Deni ni laki mbili na makumi nane."

Anisia aliketi juu ya rundo la mbao. Alipaswa kufurahi. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na mapazia. Lakini wivu haukumtoka, uligeuka tu ukakaa upande mwingine. Mwanamke huyu alijua. Miezi minne alimjua Kasiano asiye na kazi, Kasiano wa madeni, akamwona akitoa vyombo vyake na kuviweka juu ya rafu. Anisia alipewa nini? Hadithi za mapadri.

"Alilia?" aliuliza.

"Siku ya kuacha sanduku? Alilia," alisema Klara. "Mi nikageuka huku, nisimuone."

Jibu hilo lilimchoma kuliko yote.

Kwa maelekezo ya Klara alimkuta Kasiano nyuma ya soko la Gitega, kwenye jengo la ghorofa, akisukuma toroli la kokoto kati ya vijana wa nusu ya umri wake. Alikuwa amekonda. Alipomwona mkewe alisimama, akataka kuficha mikono nyuma kama mtu aliyeshikwa na kitu.

"Mama Upendo. Umekuja lini?"

"Nimetoka kwa Klara."

Kasiano akaketi juu ya mpini wa toroli. Msimamizi alimpigia kelele, na yeye hakugeuka.

"Kifungo alishona nani?" aliuliza Anisia. Alikuwa na maswali makubwa zaidi, lakini hilo ndilo lililotoka kwanza.

"Kifungo gani?" Kisha akakumbuka. "Mama mwenye nyumba ninapopanga. Ana miaka sabini na mbili, anaona shati ya mpangaji kama ya mwanawe. Niliona aibu kusema."

"Na karatasi za Pasaka?"

Kasiano aliokota kokoto moja akaigeuzageuza.

"Nilitaka kufungua karakana," alisema. "Nikaenda shirika la kwanza, wakakataa, sina hati ya mshahara. Nikaenda la pili. Nikaona pengine la tatu wana roho nzuri. La nne hata hawakunikalisha. Sikupata kitu, Anisia. Hata faranga moja haikutoka, nakuapia. Nikaona basi, hakuna kilichoharibika, kwa nini nikwambie."

"Kimeharibika. Kila walipoangalia jina langu, liliandikwa. Poini kumi na tisa zimeondoka. Mashine ameipata Farida."

Kasiano aliinua uso. "Kuangalia tu? Kuangalia kunapunguza?"

"Kunapunguza."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua. Lakini wewe ulijua kwamba jina ni langu. Umelitumia mara nne, na hukuniuliza hata mara moja. Ungesema kazi imeisha, ningekufukuza? Mimi nimekula uji wa kambi na wewe."

Hapo Kasiano akasema neno ambalo, kwa maelezo ya Anisia mwenyewe baadaye, lilimshangaza kuliko kama angekiri kuwa na mwanamke.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Ndiyo ukweli wenyewe. Nikija Muyinga, watu hawaniiti Kasiano. Hawaniiti hata Baba Upendo. Wananiita bwana ya mama wa sweta. Uliponiambia mwezi Machi kwamba unatafuta mashine, ulikuwa unacheka, na mimi nilikuwa nacheka na wewe, na ndani nilikuwa nakufa. Nikasema lazima nirudi na karakana kabla mashine haijafika. Nikasema nitumie jina lake, lina nguvu, langu halina. Hata hilo nililionea wivu. Kwamba jina lako linaaminiwa."

Anisia alikuwa amesafiri saa tano kutafuta mwanamke wa kumpiga. Sasa mwenye wivu alikuwa mbele yake, na alikuwa mumewe, na aliyeonewa wivu alikuwa yeye mwenyewe. Hakujua afanye nini na mikono yake. Alikasirika sana. Pia aliielewa hali ile neno kwa neno, kwa sababu juzi tu alikuwa amempa Farida hongera kwa meno yaliyofungana.

"Rudisha toroli la watu," alisema hatimaye. "Twende kwa Klara."

Mazungumzo na Klara yalichukua muda, maana wote wawili walikuwa wafanyabiashara. Anisia hakutaka kutoa laki tatu zote, na Klara hakutaka kutoa sanduku lote. Wakakubaliana: laki moja na nusu sasa, na Klara atoe randa, msumeno na nyundo, patasi sita zibaki mpaka deni liishe. Anisia alidai stakabadhi, na aliisoma mara mbili, kwa kuwa ilikuwa ya Kirundi na aliweza. Kisha akampa Klara namba yake ya simu.

"Kuanzia leo, ukiwa na shida ya deni hili unanipigia mimi. Si yeye."

Klara akaandika namba huku akijizuia kucheka. "Ni sawa, mama. Mi pia ningefanya hivyo."

Walirudi Muyinga pamoja. Wiki ile Anisia alimpeleka mumewe kwa Husni, akamtaka ayasikie yote kwa masikio yake. Husni alimwambia Anisia asiombe mkopo popote kwa miezi sita, asimdhamini mtu, na asiruhusu mtu yeyote kupeleka kitambulisho chake kwenye ofisi ya mikopo. Alama za kuangaliwa zitapungua uzito zenyewe. Waombaji wengi, alisema, wanapokataliwa wanakimbilia mlango mwingine siku hiyohiyo, na kukimbia huko ndiko kunakowamaliza.

Kungoja kulikuwa kugumu. Mashine ya Farida ilifika Julai, ikawekwa barazani, mita mbili kutoka kiti cha Anisia. Farida alikuwa mshonaji, kufuma hakujua vizuri, akamwomba mwenzake amsaidie kuunganisha mikono na kola kwa malipo ya kila sweta. Anisia alikubali, maana deni la Klara lilitaka kulipwa. Kila sweta iliyopita mikononi mwake aliiona ilivyokuwa iwe yake. Farida alikuwa mwema, alilipa kila Jumamosi, alimletea chai, na wema huo ulizidi kumchoma. Kuna siku alitamani Farida amtukane, apate sababu.

Oktoba alipita barazani mtu wa shirika jipya, mwenye begi na fomu. Mkopo wa haraka, alisema, siku tatu tu. Siku hiyo Farida alikuwa amepata kazi nyingine, sweta themanini, na alikuwa akiimba. Anisia alichukua kalamu. Alikuwa amekwisha andika jina lake la kwanza.

"Mtaangalia dosiye yangu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama, ni kawaida."

Kisha akarudisha kalamu, akaichana fomu vipande viwili, akaendelea kuunganisha kola ya sweta isiyo yake. Kasiano, aliyekuwa akitengeneza milango ya watu upande wa pili wa ua, aliona yote. Jioni aliteka maji yote ya nyumba.

Desemba, wiki ya mwisho kabla ya Noeli, Anisia alikwenda kuuliza dosiye yake. Sitini na sita. Aliomba mkopo hapohapo, mahali pamoja tu, na Januari akapewa, si zote alizotaka. Zilitosha mashine iliyokwisha kutumika, iliyotoka upande wa Tanzania, yenye kutu kwenye miguu. Alipoileta, Kasiano alisema "hongera" kama mtu mwenye jino bovu, akaenda kulala saa moja jioni. Anisia hakukasirika. Alimwacha alale.

Deni la Klara liliisha Februari na patasi zikarudi. Mwezi huohuo Kasiano alipata kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa huko Buhinyuza, wiki nzima, anarudi Jumamosi. Jumamosi ya tatu alifika mchana akiwa na vumbi la njia, akakuta mkewe kwenye mashine. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akavua viatu, akakohoa, akakohoa tena. Halafu akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne na kuiweka juu ya mapaja ya Anisia.

Ilikuwa orodha ya vipimo vya watoto, imeandikwa kwa mkono wa mwalimu.

"Shule ya jirani na kanisa," alisema bila kumtazama. "Wanataka sabini na tano, buluu iliyokoza. Nimewaambia bei siijui, waje wamuulize mwenyewe."

Anisia alisoma orodha mpaka mwisho, akamuuliza kama watoto wa darasa la kwanza wamepimwa na nguo au bila nguo. Kasiano alifikiri kidogo, akasema Jumatatu atawauliza.